Wangila wa Seoul, Wangila wa Vegas: Ni Yupi Unamjua?

Hii debate ya nani alikuwa mkali zaidi kwa ngumi haijawahi isha. Iko kwa base, iko kwa kinyozi, iko ndani ya mathree ya Githurai kuingia Mwiki jam ikishika. Mmoja anasema Ali. Mwingine anaapa kwa jina la mamake ni Tyson. Kuna kale kadogo kwa kiti cha nyuma kanasema nyinyi wazee hamjamwona Usyk. Kelele inapanda, konda anaitisha fare, mnashuka stage bila jibu.

Shida ni moja. Hakuna mtu huuliza ni Tyson yupi.

Tyson wa Juni 1988 alimlaza Michael Spinks kwa sekunde 91, na Spinks hakuwa amepoteza pambano hata moja kwa ngumi za kulipwa. Tyson wa Novemba 2024 alikuwa buda wa miaka 58, akipigwa kwa pointi na Jake Paul, jamaa aliyejulikia YouTube. Jina ni lile lile, lakini hao ni watu wawili. Ukiwalinganisha mabingwa bila kusema ni wa mwaka gani, unabishana na hewa.

Sasa weka hao wazungu na wamarekani kando kidogo. Tuko na wetu. Alikuwa bingwa wa Olimpiki, alizaliwa hapa Nairobi, na ukiuliza vijana kumi mtaani leo, pengine wawili ndio watajua jina lake. Anaitwa Robert Napunyi Wangila. Na yeye pia alikuwa watu wawili: kuna Wangila wa Seoul, na kuna Wangila wa Las Vegas. Kati yao kuna miaka sita pekee.

Kijana wa Nairobi

Wangila alizaliwa tarehe 3 Septemba 1967. Ile Nairobi alikulia ilikuwa na ngumi kila kona. Hii si sifa za bure. Kwa social hall za Eastlands, jioni ungepata vijana wamejifunga vitambaa mikononi wanapiga gunia moja kwa zamu. Glovu zilikuwa za kuazimana. Ukionyesha makali, kulikuwa na mlango: Polisi, Magereza na Jeshi walikuwa na timu zao, na bondia mzuri angeandikwa kazi. Ngumi ilikuwa hustle yenye payslip.

Na walikuwa na watu wa kufuata. Philip Waruinge alileta shaba kutoka Mexico 1968, na hapo hapo akapewa tuzo ya Val Barker, ile ya bondia mwenye ufundi kuliko wote kwa Olimpiki nzima. Fikiria hiyo: mshindi wa shaba anachukua tuzo mbele ya wenye dhahabu wote. Akarudi Munich 1972 akaleta fedha. Stephen Muchoki akawa bingwa wa dunia wa ridhaa Belgrade 1978. Ibrahim Bilali akaleta shaba kutoka Los Angeles 1984. Timu ya taifa iliitwa Hit Squad, na Afrika nzima ilijua ukipangwa na Mkenya, jipange.

Kitu kimoja tu kilikosekana. Shaba tulikuwa nazo, fedha tulikuwa nayo, dhahabu ya Olimpiki ya ngumi hakuna. Na Kenya haikuenda Montreal 1976 wala Moscow 1980 kwa sababu ya siasa za kususia, kwa hivyo kuna kizazi kizima cha mabondia wakali waliozeeka bila kupanda ulingo wa Olimpiki hata mara moja. Hilo nalo liweke akilini. Siku zako za moto zinaweza kupita ukiwa umekaa nyumbani, na hakuna mtu hukurudishia.

Wangila yeye alibahatika na kalenda. Olimpiki ya Seoul ilimpata akiwa na miaka 21.

Seoul 1988

Ngumi zilipigwa ukumbi wa Jamsil. Wangila alikuwa uzani wa welta, kilo 67. Ridhaa ya siku hizo ilikuwa raundi tatu za dakika tatu tatu, na mabondia walivaa kofia ya kukinga kichwa. Dakika tisa pekee. Hakuna wakati wa kuzunguka zunguka ukimsoma mtu. Hiyo sheria ilimfaa Wangila kama kiatu kilichoshonwa kwa mguu wake, kwa sababu hakuwa bondia wa kuiba pointi. Alikuwa na ngumi nzito.

Kwa nusu fainali, Jan Dydak wa Poland hakupanda ulingoni, kwa hivyo Wangila akapita akiwa fresh. Upande ule mwingine Mfaransa Laurent Boudouani akamtoa Mmarekani Kenneth Gould. Fainali ikawa Wangila na Boudouani.

Raundi ya pili haikuisha. Wangila alimwangusha Boudouani na kazi ikaishia hapo. Nokauti, fainali ya Olimpiki. Hukumu haikuwahi fika kwa majaji, na kwa Seoul hiyo ilikuwa baraka, kwa sababu majaji wa mashindano yale ndio wale wale walimnyima Roy Jones dhahabu yake kwa mchana kweupe na kumpa Mkorea Park Si-hun.

Hiyo ngumi ilifanya mambo mawili. Kwanza, Wangila akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuchukua dhahabu ya Olimpiki kwa ndondi. Pili, akawa Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya Olimpiki kwa mchezo ambao si riadha. Na mpaka leo hii hajapata mwenzake. Kenya ilirudi na dhahabu tano kutoka Seoul: Paul Ereng, Peter Rono, John Ngugi na Julius Kariuki waliipata kwa miguu. Wangila pekee aliipata kwa mikono.

Huyo ndiye Wangila wa kwanza. Miaka 21, mwili haujachoka, kichwa hakijala ngumi nyingi, raundi tatu, daktari karibu, taifa nyuma yake. Ukiniuliza kama kuna bondia yeyote wa kilo 67 wa ridhaa angemtoa wiki hiyo, ningekuambia aliyekuwa na nafasi ni yule aliyekuwa fainali, na ulishaona alichofanyiwa.

Darasa la 88

Kabla twende Vegas, cheki waliokuwa na Wangila Seoul. Hapa ndipo utaelewa maana ya siku za moto.

Uzani mkubwa zaidi ulichukuliwa na Lennox Lewis, wakati huo akipigania Canada. Fainali alimsimamisha Riddick Bowe wa Marekani raundi ya pili. Bowe alizaliwa Agosti 1967, wiki chache tu kabla ya Wangila. Wote wawili, Lewis na Bowe, wakaenda kulipwa na wote wakawa mabingwa wa dunia wa uzani wa juu.

Bowe ndiye alifika kwanza. Novemba 1992 alimpiga Evander Holyfield na kuchukua mikanda yote, kisha akatupa mmoja kwa pipa la taka badala ya kupigana na Lewis. Usiku ule, Bowe alionekana ni mlima. Lakini mlima ulidumu miaka michache. Kufika mwisho wa 1996 alikuwa amepigana na Andrew Golota mara mbili. Rekodi inasema alishinda zote, kwa sababu Golota alifukuzwa kwa kupiga chini ya mkanda. Mwili wake ulisema kitu kingine. Alikuwa na miaka 29 na alikuwa ameisha.

Lewis alichelewa kuiva. Alilazwa mara mbili kwa nokauti, na mara zote mbili alirudi akamshinda aliyemlaza. Pambano lake la mwisho lilikuwa Juni 2003 dhidi ya Vitali Klitschko, akiwa na miaka 37. Alishinda kwa majeraha ya mwenzake, lakini aliona mwenyewe kuwa spidi imeenda. Akatoka 2004 akiwa bado na mkanda, na hakurudi, hata walipomwekea doh mezani.

Roy Jones naye alipaa mpaka 2003 akatoka uzani wa chini na kumpokonya John Ruiz mkanda wa uzani wa juu. Mwaka uliofuata Antonio Tarver akamlaza raundi ya pili. Alikuwa na miaka 35. Angetoka pale, leo tungekuwa tunabishana kama ndiye mkali wa wote. Badala yake aliendelea kupigana mpaka akapita miaka 50.

Na Boudouani, yule Wangila alimlaza? Alivumilia. 1996 akawa bingwa wa dunia wa WBA kwa uzani mmoja juu ya welta, akakaa na mkanda mpaka 1999. Msee aliyepoteza Seoul alipata taji la dunia. Aliyemshinda hakuwahi lipata. Wakati Boudouani anavishwa mkanda, Wangila alikuwa kaburini miaka miwili.

Vegas

Dhahabu ya Olimpiki hailipi kodi ya nyumba. Wangila aliingia ngumi za kulipwa 1989 na kwenda kuhustle Marekani. Usimhukumu kwa hilo. Kama wewe una miaka 21, una jina, na Nairobi hakuna promota wa kukulipa pesa ya maana, ungekaa kufanya nini?

Lakini kulipwa ni mchezo mwingine, ni vile tu zinafanana kwa macho. Kofia ya kichwa inatoka. Raundi zinakuwa nane, kumi, kumi na mbili. Ile ngumi nzito iliyomaliza kazi dakika ya nne Seoul sasa inakutana na wanaume waliojifunza kunyonya ngumi raundi tano za kwanza wakikungoja uchoke. Na kati ya pambano na pambano kuna sparring, na hapo ndipo bondia hula ngumi nyingi zaidi maishani mwake, bila kamera, bila majaji, bila mtu kuhesabu.

Wangila alishinda. Alishinda mapambano zaidi ya 20 ya kulipwa, mengi kwa nokauti. Lakini pia akaanza kupoteza, na mkanda wa dunia ukawa kama mat unayoikimbilia na konda ameshafunga mlango. Alibaki mtu anayetajwa kwa kitu alichofanya 1988.

Hii ndiyo sehemu ngumu kuiona kwa bondia. Kuisha kwa siku za moto hakuna tarehe. Hakuna mtu hukupigia simu. Mikono bado iko, kifua bado kimejaa, ukijicheki kwa kioo unaona ni wewe yule yule. Kinachoenda kwanza ni kitu kidogo sana: ile nukta ya sekunde ya kuona ngumi ikija na kusogeza kichwa. Zamani ilipita hewani. Sasa inakugusa. Inakugusa kidogo leo, inakugusa zaidi mwaka ujao.

Na miaka haisaidii kuhesabu. Wangila hakuwa mzee. Julai 1994 alikuwa na miaka 26.

Tarehe 22 Julai 1994

Pambano lilikuwa hoteli ya Aladdin, Las Vegas, dhidi ya David Gonzalez. Lilienda mbali. Raundi ya tisa, Wangila akiwa anakula ngumi bila kujibu vya kutosha, refa aliingia kati akasimamisha. Wangila alikataa. Alilalamika kuwa refa amewahi, kwamba alikuwa bado na nguvu za kuendelea. Alikuwa amesimama kwa miguu yake, anaongea, anabisha.

Kama ungekuwa ukumbini ungesema huyu jamaa yuko fiti, ni hasira tu.

Alitembea mpaka chumba cha kubadilishia nguo. Huko ndiko alizimia, akapoteza fahamu, na hakuamka tena. Alikufa tarehe 24 Julai. Zilikuwa zimebaki wiki sita afikishe miaka 27.

Wacha nikueleze vile hii hutokea, kwa sababu si uchawi na si Vegas pekee. Ubongo unaelea ndani ya fuvu. Ngumi nzito inautikisa kama yai ndani ya kopo. Kuna mishipa midogo inayounganisha ubongo na ngozi yake ya juu, na ikivutwa sana inakatika. Damu inaanza kuvuja polepole, inakusanyika ndani ya fuvu, na fuvu ni mfupa, halipanuki. Kwa dakika kadhaa mtu anaweza kutembea, kuongea, hata kucheka. Presha ikipanda, anaenda. Ndiyo maana kubisha na refa si dalili ya kuwa sawa.

Na ile kofia ya Seoul? Inazuia kuchanika uso. Kutikisika kwa ubongo haizuii. Mabondia wanaume wa ridhaa waliacha kuivaa 2013. Kwa hivyo usidhani angeivaa Vegas angepona.

Barabara ile ile

Sasa sikia hii. Miezi mitatu na nusu baada ya Wangila kufa, kwenye barabara ile ile ya Vegas, umbali wa kutembea kutoka Aladdin, kulikuwa na pambano lingine. Tarehe 5 Novemba 1994, MGM Grand, George Foreman mwenye miaka 45 alimlaza Michael Moorer raundi ya kumi na kuwa bingwa wa dunia wa uzani wa juu. Moorer alikuwa na miaka 26. Umri wa Wangila. Foreman alivaa kaptura nyekundu aliyokuwa nayo Kinshasa 1974, usiku ule Ali alimwangusha raundi ya nane.

Mtu wa miaka 45 anavikwa taji. Mtu wa miaka 26 anarudishwa kwao kwa jeneza. Mji mmoja, mwaka mmoja.

Hapo ndipo ile debate ya mathree inabidi ibadilike. Umri si kipimo. Foreman alitoka kwa ngumi 1977, akakaa miaka kumi bila kupigwa kichwani, ndipo akarudi. Kichwa chake kilipumzika. Ali hakupumzika namna hiyo baada ya Kinshasa. Mwaka wa 1980 alipita hapa Nairobi mwezi wa pili, ametumwa na Rais Carter kuomba nchi zetu zisusie Moscow, na watu walimwona shujaa yule yule. Mwezi wa kumi mwaka huo huo, Caesars Palace, tena barabara ile ile ya Vegas, Larry Holmes alimpiga raundi kumi mpaka kona yake ikakataa kumtoa kwa raundi ya kumi na moja. Alikuwa na miaka 38. Miaka minne baadaye dunia ikaambiwa ana ugonjwa wa Parkinson.

Kipimo ni ngumi ulizokula. Kila bondia ana akaunti ambayo haionekani, na kila pambano, kila sparring, inatoa kitu. Kuna aliyezaliwa na akaunti kubwa. Kuna aliyeacha mapema ikiwa bado na salio. Na kuna ambaye salio liliisha akiwa kijana, na hakuna mashine ya kumwonyesha.

Sasa jibu ni gani?

Ukiniweka kwa kona uniulize, nitakuambia hivi. Wangila wa Seoul ni mmoja wa mabondia hatari zaidi waliowahi toka Afrika Mashariki. Wangila wa Vegas alikuwa msee jasiri kazini, akiwa na mwili uliokuwa unamdanganya. Wa pili haondoi sifa ya wa kwanza, na wa kwanza hakuweza kumwokoa wa pili.

Na tangu Seoul, ambako pia Chris Sande alileta shaba ya uzani wa kati, Kenya haijapata medali nyingine ya ndondi kwa Olimpiki. Hiyo ni miaka zaidi ya 30. Bado kuna vijana Mwiki, Kariobangi na Mathare wanaopiga gunia jioni wakiota ile kitu Wangila alipata. Kama wewe ni mmoja wao, songa mbele, usiogope. Lakini shika haya machache.

Ukipigwa kichwani halafu kichwa kiume vibaya, utapike, maneno yaanze kugongana, usingizi ukushike ghafla au macho yaone mbili, usilale, usinywe tembe ukapotelea kwa keja. Nenda hospitali usiku huo huo, na usiende pekee yako. Ukisimamishwa na refa, kasirika kesho. Leo kubali. Na uwe na mtu mmoja kwa kona yako, kocha au brathe, asiyekula kwa jasho lako, mwenye ruhusa ya kutupa taulo bila kukuuliza.

Wewe wa kwa mathree pia, siku ile debate ikianza tena Githurai na mtu arushe jina la Tyson au la Ali, mwulize kwanza ni wa mwaka gani. Halafu mwulize kama anamjua Wangila. Akisema hamjui, kuna wakati wa kutosha kabla mfike Mwiki. Mwambie.